Ukavu Kando ya Ziwa: Hali ya Hewa ya Sori Tangu Kale

Sori iko kwenye Ghuba ya Karungu, ufukoni mwa Ziwa Victoria, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Homa Bay. Ziwa hilo, Nam Lolwe kwa Wajaluo, lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na hakuna linalolizidi barani Afrika. Hata hivyo nchi inayopakana nalo hapa ni kavu: vichaka vya migunga, majani mafupi, na udongo mzito unaopasuka kiangazi kinapokolea. Ufukoni mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 700 hadi 1,000, ilhali Kisii, kwenye nyanda za juu upande wa mashariki, hupata karibu maradufu ya hiyo.

Chanzo cha tofauti hiyo ni pepo. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji, na upepo wa ziwani huvuma kuelekea bara. Huo hupita juu ya Sori na unyevu wake, na mawingu hukomaa na kunguruma alasiri yanapofika kwenye miinuko ya Kisii na Kuria. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, upepo wa bara huteremka kuelekea majini na kukutana katikati ya ziwa na pepo za kutoka pande nyingine, na mvua kubwa ya radi hunyesha huko kabla ya alfajiri. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Sori imekaa kati ya mvua hizo mbili, ile ya alasiri milimani na ile ya usiku majini, na aghalabu zote mbili huipita.

Kwa kuwa ufuko uko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la hapa si la Mombasa, ingawa Ikweta iko karibu. Baridi ya kweli haipo. Kinachoitwa baridi ni upepo wa asubuhi wa Juni na Julai.

Mwaka hugawanywa na mvua. Chwiri, yaani masika, huanza Machi na kuishia Juni. Opon, mvua ya vuli, huja kuanzia Agosti au Septemba, na ndiyo isiyotegemeka. Kati ya Desemba na Februari ni oro, kiangazi chenyewe. Mkulima wa Rongo au Awendo, mbali na ufuko, huweza kupanda mara mbili kwa matumaini, lakini wa Karungu anapopanda mbegu za opon huwa anabahatisha. Ndiyo sababu mtama na muhogo vilidumu hapa hata mahindi yalipoenea kwingineko Nyanza, na ng'ombe na mbuzi wakawa akiba ya mwaka mbaya.

Ukavu huu una historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mifupa ya Deinotherium, jamaa wa tembo mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, iliokotwa Karungu, na mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alikuja kuchimba kwa niaba ya jumba la makumbusho la Uingereza. Tabaka alizochimba ni za enzi ya Mayosini, miaka zaidi ya milioni 17 iliyopita. Tabaka changa zaidi za Karungu na za visiwa vya Rusinga na Mfangano zina ushahidi wa wazi zaidi kuhusu hali ya hewa: humo mna mabaki ya choroa na punda milia wa Grevy, wanyama ambao leo ni wa nchi kame za kaskazini mwa Kenya. Zama hizo ufuko huu ulikuwa mbuga pana ya majani. Ziwa lenyewe lilikauka kabisa kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, likajaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo maji yanayoonekana kuwa ya milele ni mageni kuliko mifupa iliyo kando yake.

Wakoloni walipofungua kituo cha utawala Karungu mwaka 1903, walivutiwa na ghuba, kwa kuwa meli ziliweza kutia nanga. Lakini ufuko ulikuwa na malaria, na mbung'o waliokaa vichakani walikuwa wakieneza malale iliyoua watu wengi mno pande zote za ziwa. Miaka michache baadaye makao ya wilaya yalihamishiwa Kisii.

Katika karne iliyofuata ufuko ulisumbuliwa na mvua na pia na kina cha ziwa. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilianzisha mfuriko ambao kufikia 1964 ulikuwa umeinua maji kwa zaidi ya mita mbili. Ukame wa 1984 uliigusa Kenya nzima. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1923, kwa ukame na pia kwa maji mengi kuachiliwa katika mabwawa ya Jinja, Uganda. Kisha mvua za 2019 zikaligeuza, na Mei 2020 likavuka rekodi ya 1964. Mialo na nyumba za ufukoni zilifunikwa. Kusini kidogo, Mto Kuja nao hufurika mashamba ya Nyatike kwa mvua iliyonyesha Kisii, hata pale ambapo wenye mashamba hawajaona tone. Hiyo ndiyo dhuluma kubwa ya jiografia ya hapa.

Ukavu una faida moja. Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa pia za sola, kisha huanikwa juani siku nzima. Jua kali la oro huwakausha kwa siku moja. Wingu la chwiri likikaa, samaki huoza na bei huanguka. Lakini usiku huohuo wa uvuvi ndio wakati wa dhoruba za katikati ya ziwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka, wengi wao wavuvi. Siku hizi Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri maalumu wa upepo na mawimbi ya ziwa, nao huwafikia wavuvi kupitia redio, simu na kamati za mialo kabla mashua hazijaondoka jioni.