Kuba na Boriti: John Sinclair na Sura ya Mji wa Zanzibar



1.0 Utangulizi

Pale Mnazi Mmoja, Unguja, lipo jengo jeupe lenye kuba ambalo limepata kuwa na majina mawili. Serikali ya kikoloni ililiita Beit el Amani, yaani Nyumba ya Amani, kwa kuwa lilijengwa kuadhimisha kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, likafunguliwa mwaka 1925 na kuwa makumbusho. Wenyeji waliliita Nyumba ya Mazimwi. Jina la kwanza ni la Kiarabu, nalo lilipewa baraka na Waingereza. La pili ni la Kiswahili, nalo halikupitia ofisi yoyote. Zimwi, kama tujuavyo sote tuliolelewa kwa ngano, ni kiumbe anayeonekana kama mtu lakini si mtu. Nitajaribu kuonyesha kwamba nafasi iliyopo baina ya majina haya mawili inatusaidia kuielewa kazi ya aliyelisanifu jengo hilo, John Houston Sinclair, kuliko sifa wala lawama ambazo amezoea kupewa.

2.0 Mwanafunzi wa Pearson

Sinclair alikuwa zao la Uingereza ya Malkia Victoria. Alijifunza usanifu majengo katika ofisi ya John Loughborough Pearson, bingwa wa kufufua mtindo wa Kigothi, ambaye kanisa lake kuu la Truro lilianza kujengwa mwaka 1880. Mwanafunzi wa Pearson alifundishwa mambo mawili: kwamba jengo lazima liwe na asili katika historia, na kwamba msanifu ndiye anayeichagua historia hiyo.

Alifika Afrika Mashariki mwaka 1896. Mwaka huo huo, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza ziliupiga mji wa Zanzibar kwa muda usiotimia saa moja na kuibomoa Beit al-Hukm. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilibaki limesimama. Kwa hiyo utawala ambao Sinclair alikuja kuutumikia ulikuwa umekwisha kuusemesha mji kwa mizinga. Kazi iliyobaki ilikuwa kuusemesha kwa majengo.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Sinclair hakuajiriwa kama msanifu. Alikuwa ofisa wa utawala, akapanda ngazi hadi kuwa Mkaazi wa Kiingereza Zanzibar mwaka 1922, cheo kikubwa kuliko vyote katika serikali ya ulinzi. Aliyechora ndiye aliyetawala. Ni nadra katika historia ya makoloni kukuta kalamu ya mchoraji na mhuri wa serikali katika mkono mmoja.

3.0 Uarabu wa nani?

Orodha ya kazi zake ni ndefu. Mombasa, alisanifu kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kati ya 1903 na 1905, ambalo kwa kuba lake mpita njia angeweza kulidhania msikiti. Unguja, alisanifu makao ya mwakilishi wa Uingereza, ambayo baadaye yalikuja kuwa Ikulu, pamoja na Mahakama Kuu ya Vuga na posta ya Shangani. Beit el Amani ndiyo iliyokuja mwisho.

Wengi wamemsifu kwa kuheshimu utamaduni wa wenyeji. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake. Angeweza kutujengea mahakama zenye nguzo za Kirumi, kama walivyofanya wenzake kwingineko. Hata hivyo, tujiulize: matao yale na kuba zile aliziona wapi? Misikiti mingi ya zamani ya Mji Mkongwe haina minara; imejificha miongoni mwa nyumba kama jirani mnyenyekevu. Nyumba ya bwana wa Kizanzibari, iwe ya Mwarabu au ya Mswahili, kwa nje ni ukuta mtupu wa chokaa. Fahari yake imo katika mlango wa nakshi na barazani, na uzuri wake umo ndani, uani. Kuba lilikuwepo, kwa mfano katika hamamu ya Kidichi ya katikati ya karne ya 19, lakini halikuwa sura ya makazi ya watu.

Sababu ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kiutamaduni. Dari la nyumba ya mawe lilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Boriti huzaa dari bapa, haizai kuba. Sinclair aliupa mji sura ya Mashariki iliyokusanywa kutoka nchi nyingi za Kiislamu, akaiita ya hapa. Alifuata somo la mwalimu wake: alichagua historia. Tofauti ni kwamba safari hii historia ilikuwa ya watu wengine.

4.0 Kupanga mji kwa kuweka majengo

Sinclair hakutuachia ramani kuu ya mji. Mpango rasmi ulitolewa mwaka 1923 na H. V. Lanchester, msanifu aliyekuwa amefanya kazi India, na sehemu kubwa ya mapendekezo yake haikutekelezwa. Lakini mji hupangwa pia kwa kuweka jengo mahali fulani. Ikulu, Mahakama Kuu na makumbusho yote yamesimama upande wa Vuga na Mnazi Mmoja, penye uwazi na bustani, kila jengo peke yake. Nyumba ya Mji Mkongwe huegemea jirani yake, na baraza lake huipa njia mahali pa kukaa. Majengo haya hayaegemei kitu.

Wakati huo huo, ng'ambo ya hori, mji mwingine ulikuwa ukikua. Baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kuondolewa mwaka 1897, watu wengi walihamia huko na kujenga kwa miti, udongo na makuti. Jina lenyewe, Ng'ambo, ni jina la mtu anayetazama kutoka upande wa pili. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya viwanja. Hori limekwisha kujazwa, neno limebaki.

5.0 Hitimisho

Sikusudii kumhukumu Sinclair. Majengo yake ni mazuri, nayo yamekuwa yetu kwa kutumiwa, kama maneno ya mkopo yanavyokuwa ya Kiswahili kwa kusemwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 pamoja na tabaka zake zote. Ninachosikitikia ni jambo jingine. Jina la aliyechora tunalijua, na jina la mwalimu wake pia. Majina ya mafundi waliochoma chokaa, waliochonga matumbawe na waliozipandisha boriti hayamo katika vitabu vyetu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Siku hiyo tulikumbushwa kwamba jumba halihifadhiwi kwa picha, bali kwa ujuzi wa mikono, na ujuzi huo umehifadhiwa katika lugha. Fundi asiye na neno la kuitia kasoro hawezi kumrithisha mwanagenzi namna ya kuiona. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa isimu waliomo ukumbini waiache maktaba kwa muda, wawafuate mafundi wazee wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, wakusanye msamiati wao wa ujenzi kabla haujazikwa.

Waliosema Nyumba ya Mazimwi hawakuwa wajinga wa usanifu. Waliona jengo lenye sura ya kwao na roho ya kigeni, wakalipa jina linalolifaa. Huo nao ni uhakiki, tena wa Kiswahili.