Kutia Saini na Kuridhia: Mfano wa Mapatano ya Muungano, 1964

Kuutia mkataba saini si kuuridhia. Saini ni ahadi ya kiongozi. Kuridhia ni kauli ya chombo chenye mamlaka ya kuifunga nchi kwa ahadi hiyo.

Tarehe 22 Aprili, 1964, Julius Nyerere na Abeid Karume walitia saini Mapatano ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mapatano yenyewe yalitaka yaridhiwe kwa sheria za pande zote mbili: ya Bunge la Tanganyika na ya Baraza la Mapinduzi la Zanzibar. Bunge lilipitisha Sheria Na. 22 tarehe 25 Aprili, na kesho yake Muungano ukaanza. Kwa upande wa Zanzibar, wako wanasheria wanaoshikilia kuwa sheria hiyo haikupata kutungwa. Wengine hujibu kuwa mwenendo wa serikali yake kwa miaka mingi ni ridhaa tosha.

Jibu hilo, kwa maoni yetu, lachanganya vitenzi viwili vya shina moja. Kuridhika ni hali ya moyo, na kimya chaweza kuwa dalili yake. Kuridhia ni tendo: lina mtendaji, lina jambo linaloridhiwa, na lina siku yake. Hata mwari, ambaye kimya chake huhesabiwa ridhaa katika ndoa ya Kiislamu, sharti kwanza aulizwe. Basi kabla ya kupima kimya cha Zanzibar, yafaa mwanahistoria atafute swali: liliulizwa lini, na mbele ya nani?