Ushahidi: programu ya David Kobia iliyotoka Kenya, ikafika Goma, na swali linalobaki Kolwezi

Tarehe 27 mwezi wa sita mwaka wa 2019, udongo wa karieri ya KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company pale Kolwezi, ulianguka juu ya wachimbaji wa mikono waliokuwa wameingia humo kutafuta madini. Siku ile Glencore, kampuni yenye hisa nyingi katika Kamoto, ilitangaza vifo 19. Viongozi wa jimbo la Lualaba walisema 36, kisha wakapandisha. Mwishoni hesabu ilisimama kwenye watu 43.

Kati ya 19 na 43 kuna watu 24. Katika mji ambao creuseur wengi wanaingia shimoni bila kuandikwa jina lao popote, mtu anaweza kukufa na asihesabiwe, isipokuwa nyumbani kwao.

Nani anahesabu, na kwa chombo gani? Swali hili liliulizwa Nairobi miaka kumi na moja na nusu mbele ya ajali ya KOV. Jibu moja lilitoka kwa kikundi kidogo cha watu wa Kenya, na aliyeandika programu yenyewe anaitwa David Kobia. Jina la programu hiyo halihitaji kutafsiriwa kwa mtu wa mashariki mwa Kongo: Ushahidi.

Mtu aliyefunga uwanja wake mwenyewe

Kobia ni Mkenya, fundi wa programu za kompyuta. Mwaka ule alikuwa akiishi Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani. Wakenya wengi wa intaneti walimfahamu kwa sababu ya Mashada, uwanja wa mazungumzo aliouanzisha yeye mwenyewe, ambapo watu wa nyumbani na wa ng'ambo walikuwa wakibishana juu ya mambo ya nchi yao.

Kenya ilipiga kura tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2007. Siku tatu baadaye Mwai Kibaki akatangazwa mshindi, Raila Odinga akakataa matokeo, na mauaji yakawaka katika Bonde la Ufa, Kisumu na mitaa maskini ya Nairobi. Kwa miezi miwili watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia makao yao. Serikali ilikataza redio na televisheni kutangaza habari moja kwa moja. Watu wakakimbilia intaneti na telefone, na Mashada ikajaa maneno ya chuki ya kikabila kupita uwezo wa kuyasafisha. Kobia akaifunga.

Mtu yeyote wa redio anaelewa uzito wa uamuzi huo. Kuzima mikrofoni ya mwingine ni rahisi. Ile uliyoijenga kwa miaka na mikono yako ni jambo lingine.

Siku zile zile Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya aliyekuwa akiandika habari za ghasia kila siku kwenye intaneti, alitoa wazo mapema mwezi wa kwanza 2008: je, hakuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mauaji na uharibifu vinatokea wapi? Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, alilichukua wazo hilo na kumpelekea Kobia. Juliana Rotich, naye Mkenya, akajiunga. Kobia aliandika programu kwa siku chache tu. Kabla ya nusu ya mwezi, ramani ilikuwa wazi kwa watu wote.

Inafanya nini hasa

Siri ya Ushahidi ni kwamba hakuna siri kubwa ndani yake. Mtu anayeona jambo anajaza fomu fupi: nini kimetokea, wapi, siku gani. Kama hana intaneti, anatuma mesaji ya kawaida kwa telefone. Habari inaingia katika hifadhi, halafu mtu mwenye kusimamia anaisoma, anatafuta kama kuna mwingine aliyesema jambo lile lile, anaweka alama ya pahali kwenye ramani, na anaandika kama habari imethibitishwa ama bado. Mwenye kufungua ramani anaona alama: hapa nyumba zimechomwa, hapa barabara imefungwa, hapa watu wamekimbilia kanisani.

Jambo la kuangalia ni ile alama ya "imethibitishwa". Mesaji ya kutisha inayozunguka WhatsApp haina mahali pa kuandika "bado hatujui". Programu ya Kobia ilikuwa na sehemu hiyo, na pengine ndiyo kazi yake kubwa kupita ramani yenyewe, hata kama ramani ndiyo inayopendeza macho.

Mwezi wa tano 2008 Ushahidi ilishinda tuzo ya NetSquared, dola 25,000, na katikati ya mwaka shirika la Humanity United likatoa dola 200,000. Pesa hizo ziliwawezesha kujenga programu upya, maana ile ya kwanza ilitengenezwa haraka haraka kwa ajili ya Kenya peke yake. Kobia na wenzake waliiandika kwa lugha ya PHP juu ya Kohana, mkusanyo wa vipande vya programu ambavyo mafundi wengine walikuwa wametengeneza na kuviacha wazi kwa kila mtu. Nao wakafanya vile vile: maandishi yote ya Ushahidi yakawekwa hadharani, kusudi yeyote aweze kuyachukua, kuyasoma, kuyageuza na kuyatumia bila kulipa. Ndiyo maana ya programu huria. Programu ya kununua ni kama sahani ya chakula mezani; unakula, lakini hujui kilipikwaje. Hii unapewa sahani, unapewa na namna ya kupika, na unaruhusiwa kuongeza pilipili.

Goma, mwezi wa kumi na moja 2008

Pahali pa kwanza programu mpya ilipojaribiwa nje ya Kenya palikuwa karibu sana na wasomaji wa Kivu. Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2008 wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walifika kwenye milango ya Goma. Mwanzoni mwa mwezi uliofuata watu karibu 150 waliuawa Kiwanja, upande wa Rutshuru, kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch. Wakati ule ule, katika mwezi wa kumi na moja, timu ya Ushahidi ilifungua ramani ya Kongo na kuweka namba ya telefone ya kupokea mesaji.

Matokeo hayakuwa mazuri. Habari zilizoingia zilikuwa chache. Kenya kulikuwa na Wakenya waliokuwa wakifuata mambo saa kwa saa na wenye kujulikana na wasomaji wao. Kivu programu ilifika mbele ya watu wa kuibeba. Ramani inahitaji mashirika ya pale pale, redio ya kutangaza namba, watu wa kata na wa groupement wenye kuaminika. Kutuma mesaji nako kulihitaji uniti, rezo na telefone yenye umeme, kwa mtu ambaye labda yuko njiani na godoro kichwani. Na kulikuwa na woga. Kule ambako kikundi chenye silaha kinaweza kupekua telefone ya mpita njia, mesaji iliyobaki ndani ni hatari.

Baadaye watu wa Ushahidi walisema waziwazi kwamba programu ni sehemu ndogo ya kazi, kama kumi kwa mia. Kinachobaki ni watu, mipango na uaminifu. Neno hilo lilisemwa Nairobi, lakini Kivu ni mojawapo ya mahali waliponunulia ujuzi huo.

Miezi 14 baadaye waliutumia. Haiti ilipotetemeka tarehe 12 mwezi wa kwanza 2010, ramani ya Ushahidi ilifunguliwa kwa muda wa saa chache, ikisimamiwa na Patrick Meier pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Watu walituma mesaji kwa namba fupi 4636, na Wahaiti wenye kuishi nchi za nje wakazitafsiri kutoka Kikreyoli na kusaidia kutambua mitaa. Safari hii programu ilikutana na watu wake. Mwaka ule ule gazeti la Technology Review la Marekani lilimweka Kobia katika orodha yake ya vijana wagunduzi na kumwita mtu wa kibinadamu wa mwaka. Baadaye programu ilitumika Japani kisha tetemeko la 2011, na Kenya yenyewe wakati wa kura ya maoni ya katiba 2010 na uchaguzi wa 2013.

Ndugu wa Ushahidi ambaye watu wanamuona kila wiki

Wakaaji wa Rutshuru, Fizi ama Irumu pengine hawajaona Ushahidi kwa macho, lakini wamemuona ndugu yake. Mtu mwenye kuvaa jile ya shirika anakaa kwenye kiti cha plastiki, anafungua telefone na kuanza anketi: mko watu wangapi nyumbani, mnateka maji wapi. Mara nyingi kilicho ndani ya telefone hiyo ni KoboToolbox.

Kobo nayo ni programu huria. Waliianzisha watafiti wawili, Phuong Pham na Patrick Vinck, waliokuwa wakiuliza watu maoni yao juu ya vita na haki huko Uganda ya kaskazini na mashariki mwa Kongo na kuchoshwa na makaratasi. Hawakuianza kutoka sifuri. Walichukua ODK, iliyoanzishwa mwaka wa 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington na Gaetano Borriello pamoja na wanafunzi wake, mmoja wao akiwa Yaw Anokwa, na ambayo ilifanya kazi mapema kabisa na mpango wa afya wa AMPATH, Eldoret, Kenya. Seattle ikamwazima Eldoret, Eldoret ikarudisha masahihisho, kisha wengine wakaongeza. Faida yake kubwa kwa mashariki ni hii: fomu inajazwa bila rezo, telefone inatuma yote siku mtu akirudi mjini.

Kurudi Lualaba

Kolwezi haikosi habari za kuweka kwenye ramani. Mwaka wa 2014 kobalti ilipatikana chini ya nyumba za kata ya Kasulo, watu wakachimba vyumbani mwao. Mwaka wa 2017 sehemu ya kata ilizungushwa ukuta na kufanywa eneo la uchimbaji. Mwezi wa tisa 2023, Amnesty International na shirika la Kongo IBGDH walitoa ripoti juu ya wakaaji wenye kuhamishwa ili migodi ipanuke, wakiwemo wa Cité Gécamines, katikati ya mji. Ripoti ile ilitegemea maneno ya wakaaji wenyewe pamoja na picha za satelaiti. Yaani ushahidi ulikuwepo; kilichokosekana ni pahali ambapo mkaaji angeuweka siku ile ile nyumba ilipopasuka ukuta, bila kungoja wageni waje na daftari.

Kuna pia pesa za kufuata. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inadai kila kampuni yenye kuchimba itenge 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa eneo lake, na iandike ahadi zake katika cahier des charges. Shule, kisima, barabara, kila kimoja kina kijiji chake na mwaka wake. Hizo ni habari ambazo fomu ya Kobia inauliza tangu siku ya kwanza: nini, wapi, lini. Kuandika kwamba kisima cha kijiji fulani kimechimbwa, hakijachimbwa, ama kimechimbwa na hakitoi maji ni kazi nyepesi kuliko kuhesabu maiti, na haina hatari sawa.

Shirika la raia lenye kutaka kujaribu halihitaji kununua programu. Linahitaji kompyuta moja, intaneti isiyokatika sana, namba ya telefone inayotangazwa redioni kwa Kiswahili, na watu wawili watatu wa kusoma mesaji kila asubuhi na kupiga simu kuuliza. Kabla ya hayo yote linapaswa kukubaliana juu ya jambo moja ambalo hakuna programu inayoliamua: nani atashika orodha ya namba za waliotuma, na itafanyiwa nini siku mtu mwenye nguvu atakapokuja kuiomba. Jina na namba ya mtoa habari havilazimiki kuonekana kwenye ramani, lakini ndani ya kompyuta vinabaki mpaka mtu avifute.