Programu Dhibiti na Umri wa Ruta za Bei Nafuu

Neno ruta limekwisha kuzoeleka, ingawa mitaani wengi husema tu waifai, na wapo wafasiri wapendao kipanga njia. Ama kuhusu programu inayokaa ndani ya kifaa hicho na kukiendesha, sisi tunashika istilahi ya programu dhibiti. Historia yake yaonyesha kwamba umri wa programu na umri wa kifaa ni mambo mawili mbalimbali.

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta ya nyumbani iitwayo WRT54G. Mwaka 2003 wataalamu waligundua kwamba programu dhibiti yake ilijengwa juu ya Linux, ambayo leseni yake humlazimu msambazaji kutoa pia msimbo wa asili. Kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo huo likazaliwa, mwaka 2004, kundi la OpenWrt, linalotunga programu dhibiti huria. (Mwaka huo huo ndio iliotoka Jambo OpenOffice, matunda ya mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi wetu tulijifunza neno huria hapo.)

Tangu hapo ruta iliyoachwa na kiwanda iliweza kupata mtunzaji mwingine. Mwezi Oktoba 2017 ilipotangazwa kasoro ya usalama katika WPA2, OpenWrt ilitoa marekebisho mwezi huo huo, hata kwa vifaa vya bei ya chini kabisa.

Lakini matunzo hayo nayo yana mpaka, na mpaka wenyewe ni kumbukumbu. Hapa mfasiri awe mwangalifu, kwani kumbukumbu ni mbili: ya kudumu ni kama ghala ambamo programu huhifadhiwa, ya muda ni kama meza ambapo kazi hufanyika. Matoleo mengi ya TL-WR841N, ruta ya TP-Link, yalikuwa na megabaiti 4 za ghala na 32 za meza. Linux huongezeka ukubwa kila mwaka. Ghala na meza haviongezeki. Toleo la 19.07 la OpenWrt likawa la mwisho kwa vifaa vya kipimo hicho, na mwaka 2022 matunzo yake yakakoma.

Tuseme basi shule moja ya Katindiuka, pale Ifakara, inayo ruta ya namna hiyo. Taa zinawaka, mawimbi yanafika darasani. Waraka wa Kiingereza unasema matunzo yamekwisha, na mfasiri mwenye haraka anaandika kwamba kifaa kimekwisha. Mtunza stoo akisoma hivyo atakiandika chakavu katika leja, na shule itaingia gharama ya kununua kingine. Kumbe kilichokoma ni marekebisho ya usalama tu: kifaa hicho hakifai tena kukaa mlangoni pa intaneti, bali chaweza, waya zake zikitumiwa na redio yake ikizimwa, kuunganisha kompyuta za chumba kimoja nyuma ya ruta mpya.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza ukomo wa matunzo kwa hali ya kwanza, na neno chakavu libakie kwa kifaa kisichofanya kazi. Pale ambapo waraka wautaja mwaka wa ukomo, mfasiri aandike pia ni ukomo wa nani: wa kiwanda, au wa watunzi wa programu huria. Miaka hiyo miwili ni nadra kulingana.