Msahafu, Nakshi na Wakfu: Istilahi za Vitabu vya Mkono katika Mwambao wa Tanga

Mfasiri anayeandika maelezo ya makumbusho juu ya kitabu cha kale cha dini kilichoandikwa kwa mkono hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza, akiite nini kitabu ambacho kurasa zake zimepambwa kwa rangi na, pengine, kwa dhahabu? La pili, amwite nani yule ambaye kitabu kimo mikononi mwake? Lugha za Ulaya hulitaja pambo hilo kwa neno ambalo asili yake ni kutia mwangaza, na wako wanaolifasiri neno kwa neno: "kitabu kilichotiwa nuru". Mzee wa Tanga akisoma maneno hayo atafikiri juu ya nuru ya imani. Hatafikiri juu ya wino mwekundu. Twaona basi kwamba hapana budi kurejea historia ya vitabu vyenyewe kabla ya kuchagua maneno.

Tuanze na mawe, kwa kuwa mawe yamedumu kuliko karatasi. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na herufi zake zimechanua kama majani. Huko Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, yamebaki magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za kigeni. Haya yatuonyesha kwamba watu wa mwambao walizoea tangu kale kuyapamba maneno na mahali pa ibada. Lakini vitabu vya zama hizo vimeliwa na mchwa, unyevu na hewa ya chumvi. Vile vilivyotufikia vingi ni vya karne ya 18 na ya 19.

Mashuhuri kabisa ni misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate. Siyu ulikuwa mji wa mafundi: wachongaji, washonaji wa ngozi, wanakili na wajalidi. Karatasi ilitoka ng'ambo, na alama za maji zilizomo ndani yake zaonyesha kuwa nyingi ilitengenezwa Ulaya. Lakini kalamu, mkono na macho vilikuwa vya wenyeji. Rangi zao kubwa ni tatu: nyeusi, nyekundu na manjano. Mistari imezunguka maandishi kama fremu ya mlango, na pambizoni yamewekwa maduara na maua. Mapambo hayo hayakuwa ya kufurahisha macho tu. Msahafu una sura 114 na juzuu 30, wala kitabu cha mkono hakina yaliyomo mwanzoni. Pambo la pambizoni ndilo lililomwonyesha msomaji mahali juzuu inapoanza.

Mwambao wa Tanga na Pangani ulikuwa sehemu ya ulimwengu huo huo wa kalamu. Ukoo wa el-Buhriy ni mfano mwema. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga, kwa hati za Kiarabu, utenzi juu ya vita vya Wadachi vya miaka ya 1888 na 1889. Baadaye Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kwa Kiswahili juu ya sheria za mirathi na nikahi. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alikusanya miswada ya mwambao kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Wakati huo kazi ya mnakili ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa muda mrefu, kwani misahafu iliyopigwa chapa Bombay na Cairo ilikuwa imeenea pwani yote.

Sasa tuyatazame maneno. Juu ya pambo twapendekeza *nakshi*, na kitabu kiitwe *msahafu wenye nakshi* au *mswada ulionakishiwa*. Neno hili ni la mafundi wenyewe. Latumika kwa milango ya Pangani na ya Unguja, na ufundi wa mlango na ule wa ukurasa ni ndugu. Wengine wamependelea neno la Kiarabu lenye maana ya kutia dhahabu. Neno hilo lafaa kwa msahafu ulioandikwa na Ibn al-Bawwab huko Baghdad mwaka 391 wa Hijra, uliopo leo Dublin. Kwa misahafu isiyo na dhahabu hata chembe, neno hilo litakuwa uwongo.

Mistari inayozunguka maandishi iitwe *jedwali*. Msomaji wa leo huchukulia jedwali kuwa safu za tarakimu tu, lakini wanakili wa Kiislamu waliita hivyo mistari ya fremu. *Pambizo* libaki kwa ukingo wa ukurasa. Maneno ya mwisho ambamo mnakili hutaja jina lake na tarehe yaitwe *hati ya tamati*. Tena tusichanganye *mtunzi* na *mnakili*: wa kwanza ameyatunga maneno, wa pili ameyaandika upya kwa mkono wake.

Hati ya tamati si jambo dogo kwa mtumishi wa serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kutambua masalio ya kale. Mwaka huo ulianza katikati ya mwaka 1279 wa Hijra. Karani asiyejua kusoma tarehe ya mnakili aweza kukiacha nje ya ulinzi kitabu kilichostahili kulindwa.

Yabaki swali la mwenyewe, na hapa ndipo kosa la neno moja huleta hasara. Misahafu mingi ya zamani iliwekwa wakfu, na mara nyingi maneno ya wakfu yameandikwa ndani yake: kitabu hakiuzwi, hakitolewi hiba, wala hakirithiwi. Makadhi wa Tanga walikuwa na msamiati kamili wa kutenganisha *mirathi, wasia, hiba, rehani, amana* na *wakfu*. Lakini fomu ya kuorodhesha vitu vya kale ikiwa na safu moja tu, "Mmiliki", karani ataandika jina la mzee ambaye kitabu kimo sandukuni mwake. Mzee akifariki, wanawe wataona katika karatasi ya serikali kwamba kitabu kilikuwa mali ya baba yao. Mnunuzi akija, watamwonyesha karatasi hiyo. Hivyo neno la karani litakuwa limeyafuta maneno ya mweka wakfu, ingawa yeye hakukusudia.

Twapendekeza safu tatu badala ya moja: *mweka wakfu*, yaani aliyekitoa kitabu, *msimamizi*, aliyekabidhiwa kukiangalia, na *mahali pa wakfu*, yaani msikiti au chuo kilichokusudiwa. Neno *mmiliki* litumike pale tu ambapo kitabu ni mali ya mtu. Jambo hili si la Waislamu peke yao. Injili za kale za Abba Garima, Ethiopia, zimo bado katika monasteri yake. Huko nako mfasiri atapaswa kuuliza kwanza kitabu kilitolewa kwa nani, kabla ya kuandika kwamba ni cha nani.

Twawaomba walimu na watumishi walioko Tanga, Pangani na Moa wawaulize wazee majina ya vifaa na sehemu za vitabu hivi, hasa kazi ya mjalidi, ambayo msamiati wake umeandikwa kidogo sana. Lugha yetu ya zamani iliita kitabu *chuo*, na athari yake imo katika neno *mwanachuoni*. Yamkini yako maneno mengine ya namna hiyo yanayosemwa hadi leo katika nyumba zenye sanduku la vitabu, nayo yafaa kuandikwa kabla ya sanduku kufunguliwa na mnunuzi.