Lualaba Unaelekea Wapi?

Machi 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, katika nchi ya Maniema, akasimama kwenye ukingo wa Lualaba. Mto ulikuwa mpana na ulikwenda kaskazini, naye akaamini kuwa ndio Naili. Alikaa karibu miezi minne akitafuta mitumbwi ya kuufuata, asipate. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara kutoka pwani waliwamiminia risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama katika mto uleule aliotaka kuujua. Akarudi Ujiji na swali lake.

Jibu lilianzia kwenye maji ya moto. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo: hupungua karibu digrii moja kwa kila mita 300. Msafiri mwenye moto na kipimajoto kizuri huweza basi kukadiria kimo cha mahali aliposimama. Verney Lovett Cameron, aliyefika Nyangwe Agosti 1874, alipokokotoa vipimo vyake aliona kuwa pale ni chini kuliko Gondokoro, kituo kilichokuwa kwenye Naili mbali kaskazini. Maji hayapandi mlima. Tena Lualaba, hata wakati wa kiangazi, ulibeba maji mengi kuliko Naili ya Gondokoro. Huu haukuwa Naili. Lakini Cameron naye alinyimwa mitumbwi, akashika njia ya kusini.

Novemba 1876 Henry Morton Stanley akaondoka Nyangwe, akisindikizwa kwa malipo na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip. Mwishoni mwa Desemba wakaagana. Mashua ya Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani tangu Bagamoyo, ikatangulia, Uledi akiwa kwenye usukani. Stanley alisoma dira kila kona na kuichora. Mto ukavuka ikweta, ukapinda magharibi, ukaivuka tena kurudi kusini. Ulikuwa Kongo.

Ramani zilizochapwa Ulaya ziliyaita maporomoko ya Boyoma ya mto huo kwa jina la Stanley. Uledi, aliyewaopoa wenzake wengi kutoka majini, hakupewa hata kijito. Kwangu mimi mstari wa mto ule kwenye ramani ni wake pia, na wa wapagazi wote. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, zaidi ya watu 350 walitoka Bagamoyo mwaka 1874; waliofika Boma, karibu na mlango wa mto huo, Agosti 1877, hawakuzidi 120.