Ibn Rushd na suala la imani na akili

Ibn Rushd (Córdoba, 1126 – Marrakesh, 1198), Averroes kwa Wazungu, alikuwa kadhi, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyeshikilia kwamba dini na akili hazigongani. Kabla yake, mwanateolojia wa Kiislamu al-Ghazali (alifariki 1111) aliwashutumu wanafalsafa kwa masuala 20, na kwa matatu akawakufurisha: kudai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui jambo mojamoja, na kwamba miili haitafufuliwa.

Katika kitabu chake Fasl al-Maqal, Ibn Rushd anajibu kikadhi hasa: anauliza sheria inasemaje juu ya falsafa, kisha anahukumu kuwa ni wajibu kwa mwenye uwezo nayo. Kuikataza kwa kuwa wapo waliopotoka, asema, ni kumnyima maji mwenye kiu hadi afe, eti kuna waliopaliwa. Aya ikionekana kupinga hoja iliyothibitika, hufasiriwa kwa taawili, yaani kwa maana ya kitamathali badala ya ile ya dhahiri. Ila taawili hiyo isitangazwe kwa watu wa kawaida, sharti ambalo wanaomsifu leo hulisahau upesi.

Mwaka 1195 yeye mwenyewe alifukuzwa na kupelekwa mji wa Lucena, vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Vilidumu zaidi kwa Kiebrania na Kilatini. Hata mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas, aliyempinga vikali, alimwita tu Mfafanuzi, yaani wa vitabu vya Aristotle.